Kuchangisha pesa za utafiti wa PSP: namna tunavyofanya huku London

Mchango wa msiba sote tunaujua. Mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp, mweka hazina anatoa namba, jioni orodha ishajaa majina. Utafiti wa PSP, yaani progressive supranuclear palsy, ugonjwa wa ubongo, ni kazi nyingine. Hapana jeneza, hapana bili ya hospitali, na huenda mgonjwa wako mwenyewe asifaidike. Basi ukiomba, omba kwa mpango.

Anza kwa kumweleza mtu ugonjwa mpaka auone. Ukisema "maradhi ya ubongo" atafikiria kiharusi au uzee. Mimi hutaja sahani ya mume wangu. Hawezi kuteremsha macho: wali uko mbele yake naye anapapasa meza, kijiko kinagonga ukingo. Sahani yake naipandisha juu ya kopo la biskuti, ndipo aone anachokula. Baada ya hapo ndiyo nasema kwamba ni protini iitwayo tau, inarundikana kwenye seli za ubongo na kuziua. Kwamba madaktari Steele, Richardson na Olszewski waliueleza mwaka 1964, na hadi leo dawa ya kuuzuia hakuna. Wengi huambiwa kwanza wana ugonjwa wa Parkinson.

Usifungue shirika lako, tafadhali. Yapo tayari; hapa Uingereza PSP Association ipo tangu 1994. Shirika lolote utakalochagua, litafute kwenye daftari la Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, na uulize kama maombi ya watafiti yanapimwa na wanasayansi wa nje kabla ya pesa kutoka. Kisha andika kwa maandishi kuwa mchango ni wa utafiti pekee. Usipoandika, utaingia mfuko wa jumla, ulipie simu za ushauri na mengineyo. Ni kazi njema, lakini siyo uliyowaombea watu.

Sasa Gift Aid, ambapo jamaa zetu wanaacha pesa mezani. Mlipa kodi ya Uingereza akitoa pauni 20, serikali inaongeza 5. Sharti ni kwamba atoe pesa yake mwenyewe na atie tamko kwa jina lake. Ule mtindo wetu wa kila mtu kumtumia mama mmoja, naye akapeleka fungu zima kwa jina lake, unaiua hiyo nyongeza. Kila mtu atoe kwenye ukurasa wa shirika, au ajaze fomu: jina kamili, anwani ya nyumbani, msimbo wa posta. Pesa za mahamri na biriani hazihesabiwi, kwa kuwa mnunuzi kapata kitu. Za ndugu wa Mombasa wasiolipa kodi huku pia hazimo, lakini pokea.

Kwa Waislamu, usiombe zaka. Ina mafungu yake manane ya wanaostahili kupewa, na utaanzisha mjadala usioisha. Omba sadaka. Elimu inayonufaisha watu huwa sadaka jaria, ambayo thawabu yake haikatiki, na wazee hulielewa hilo upesi kuliko vijana.

Wala usiahidi dawa. Fungu dogo kazi yake ni kumpa mtafiti majaribio ya mwanzo, apate matokeo ya kuombea ruzuku kubwa. Sema hivyo hivyo.

Barua ya shirika ikifika, ipige picha uitume kundini pamoja na jumla na jina la mradi, kabla hujaomba tena.