Rosini na sarafu: jinsi ya kuimarisha mshiko wa kiganja bila kuigandisha sarafu

Wiki chache zilizopita nilikaa jioni nzima na kijana anayejifunza mazingaombwe ya sarafu. Viganja vyake ni vikavu mno, na kila alipoficha sarafu katikati ya kiganja na kuugeuza mkono uelekee chini, sarafu ilianguka mezani kabla hajamaliza sentensi yake. Alikuwa ameshauriwa atumie rosini, yaani unga unaonata wa utomvu wa msonobari, naye akapaka kiganja kizima mpaka kikawa cheupe kama cha mtu aliyetoka kukanda unga. Sarafu haikuanguka tena, lakini sasa haikuanguka hata pale alipotaka ianguke. Nilimwonyesha njia ninayoitumia mwenyewe, na hapa ninaiandika kwa ajili ya yeyote aliyefika mahali alipofika yeye.

Njia yote inasimama juu ya jambo moja: rosini hupakwa mahali ambapo sarafu inatulia, na haipakwi kamwe mahali ambapo sarafu inapita.

Sababu yake iko katika tabia ya rosini yenyewe. Rosini ni kile kinachobaki baada ya utomvu wa msonobari kuchemshwa na tapentaini yake kuondolewa. Ni kitu kigumu chenye rangi ya asali au kahawia, ambacho hupasuka kama kioo kikiwa baridi na kulainika kikipata joto. Wapiga fidla huipaka kwenye singa za upinde. Singa iliyopakwa hukamata uzi wa fidla, huuvuta kidogo, huuachia, kisha huukamata tena, mara mamia katika sekunde moja, na huko kukamata na kuachia ndiko kunakotoa sauti. Kiganjani hali ni ileile. Sarafu iliyotulia juu ya rosini hushikwa barabara, ilhali sarafu inayotakiwa kuteleza juu yake hukwama kwanza, kisha huchomoka kwa mruko. Katika sanaa ambayo kila kitu hutegemea wepesi wa mwendo, mruko huo mdogo unatosha kumwonyesha mtazamaji kwamba kuna jambo limefichwa.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unaihitaji

Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, kisha subiri dakika kumi ili ngozi irudi katika hali yake. Weka sarafu katikati ya kiganja, ukingo mmoja ukiegemea mnofu ulio chini ya kidole gumba na ukingo wa pili ukiegemea mnofu wa upande wa kidole cha mwisho. Geuza mkono uelekee chini na uhesabu polepole hadi kumi. Ikiwa sarafu inaanguka, isogeze milimita mbili au tatu kuelekea kwenye vidole, ujaribu tena, kisha uisogeze kuelekea kwenye kifundo cha mkono, ujaribu mara ya tatu.

Wengi wanaofikiri kwamba ngozi yao ni kavu wamekosea tu mahali pa kuiweka sarafu, na rosini haiwezi kurekebisha kosa la mahali. Angalia pia sarafu yenyewe. Sarafu yenye kipenyo cha karibu milimita 30 na meno ukingoni hushikika kirahisi kuliko sarafu ndogo yenye ukingo laini, na ninamshauri kila anayeanza atumie ya kwanza. Ikiwa umejaribu haya yote kwa siku kadhaa na sarafu bado inateleza ileile, endelea na hatua zinazofuata.

Hatua ya 2: Chagua rosini na uisage

Nunua kipande cha rosini ya fidla, kile chenye rangi ya asali. Rosini nyeusi ni laini na hunata zaidi, na rosini ya besi kubwa, ile ala kubwa ya nyuzi ya jamii ya fidla, hunata kuliko zote. Sizitaki zote mbili karibu na sarafu zangu. Siafiki pia mchanganyiko wa rosini na spiriti unaopakwa kwa brashi, kwa kuwa utando wake hukauka ukiwa mnene kuliko inavyoonekana na hauna namna ya kupunguzwa isipokuwa kwa kuuondoa wote.

Funga kipande chenye ukubwa wa punje ya harage ndani ya kitambaa kizito, kiponde kwa nyundo, kisha chekecha unga huo kwa kitambaa cha melimeli. Ziba pua na mdomo unapofanya kazi hii, kwa sababu vumbi lake hukera njia ya hewa. Usiipashe moto kwa lengo la kuilainisha. Moshi wa rosini umewasababishia pumu mafundi wanaolehemu vifaa vya elektroniki, na hakuna kiinimacho chenye thamani ya mapafu yako.

Hatua ya 3: Jaribu kwenye ngozi

Rosini ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio wa ngozi. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, juu ya kifundo, na usubiri siku mbili. Ukiona wekundu, vipele au mwasho, iache kabisa na utumie tone dogo la glisarini iliyochanganywa na maji badala yake.

Hatua ya 4: Paka, na hapa twende polepole

Hatua hii ndiyo iliyonigharimu usiku mzima nilipokuwa ninajifunza, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Chukua unga usiozidi robo ya kijiko cha chai, uweke katikati ya kipande cha melimeli kilichokunjwa mara mbili, kisha uufunge uwe kifuko kidogo kama jicho la mbuzi. Kifuko hicho ndicho chombo pekee cha kupakia. Usichovye kidole ndani ya unga na usimimine unga kiganjani.

Ficha sarafu kwanza bila rosini yoyote na ukaze mkono kidogo kwa nusu dakika. Ukiitoa, utaona alama mbili fupi zilizobonyea kwenye ngozi, moja kila upande, kila moja ikiwa na urefu usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Hapo ndipo sarafu inapotulia, na hapo tu ndipo panapostahili rosini. Gusa kila alama kwa kifuko mara moja. Usisugue, gusa tu, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto.

Sasa rosini inapaswa kukandamizwa iingie kwenye ngozi, na hapa ndipo nilipopotea. Nilikuwa ninakandamiza unga kwa kidole gumba cha mkono wa pili, jambo ambalo lilionekana la kawaida kabisa. Sarafu ilikaa vizuri kiganjani, lakini kila nilipojifanya kuihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ilisita kidogo kwenye ncha za vidole na kutoa mlio mdogo sana, kama ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Nilidhani kiganja kina rosini nyingi, nikaipunguza. Mlio ukabaki. Nikaosha kiganja kwa maji, rosini ikageuka kuwa utelezi mweupe unaonata, nikalazimika kuanza upya. Nilirudia hivyo mara nne au tano, nikibadilisha sarafu, nikibadilisha hata kiti, mpaka saa nane za usiku nilipogusa kwa bahati ukurasa wa daftari, nao ukainuka pamoja na kidole gumba. Rosini iliyokuwa ikinisumbua haikuwa kiganjani hata kidogo. Ilikuwa kwenye kidole nilichoipakia, yaani pale ambapo sarafu inapita.

Kwa hiyo kandamiza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa, si kwa kidole. Bonyeza kila alama kwa muda wa kuhesabu hadi tano, kisha futa mara moja kwa upande mwingine wa kitambaa hichohicho. Rosini ikionekana bado kwa macho, imezidi. Baada ya hapo gusanisha kidole gumba na kila kidole kingine kwa zamu, katika mikono yote miwili, ukisikiliza na kuhisi. Pasipobanduka kwa mlio, uko salama. Pakibanduka, safisha vidole hivyo kabla ya kugusa sarafu.

Kisha ngoja dakika mbili bila kuongeza chochote. Rosini hunata zaidi kadiri joto la mkono linavyoipata, na kiasi kinachoonekana hakitoshi katika dakika ya kwanza huwa kingi mno katika dakika ya tano, hasa chini ya taa kali. Kijana niliyemtaja alikuwa akiongeza kila mara kwa kutokuwa na subira, na hiyo ndiyo sababu hasa iliyomfikisha kwenye kiganja cheupe. Siku yenye baridi, pasha mikono joto kwanza ndipo upake, kwa sababu rosini iliyo baridi hubaki unga na haishiki ngozi.

Jaribio la mwisho ni la kuachia, na ninalihesabu kuwa muhimu kuliko jaribio la kushika. Ficha sarafu, geuza mkono uelekee chini, hesabu hadi kumi, kisha nyoosha kiganja taratibu mpaka kiwe bapa. Sarafu inapaswa kuanguka yenyewe kabla kiganja hakijanyooka kabisa, na ianguke ikiwa imelala sawa. Ikianguka kwa kuinama upande mmoja, alama moja ina rosini zaidi ya nyingine. Futa ile iliyochelewa kuachia. Isipoanguka kabisa, safisha pote na uanze upya. Usijaribu kuitikisa itoke, kwa kuwa mkono utazoea mtikiso huo na utakuumbua siku ya onyesho.

Mahali pa kuacha rosini kabisa

Njia hii ni ya kuficha sarafu katikati ya kiganja. Ukiificha kwenye mkunjo wa vidole vya kati, vidole vyenyewe vinatosha. Ukiificha nyuma ya mkono, ambapo sarafu hubanwa kingo zake kati ya kidole cha shahada na kidole cha mwisho na kuzungushwa kwenda upande wa pili, rosini itakukwamisha katikati ya mzunguko. Kuibiringisha sarafu juu ya vifundo vya vidole ni hivyohivyo.

Kuhusu sarafu nyingi zilizopangwa pamoja kiganjani, ustadi ambao Mmarekani T. Nelson Downs (1867–1938), aliyeitwa Mfalme wa Sarafu, alisifika nao, ninashauri kuiacha rosini pia. Sarafu zilizogusa ngozi yenye rosini husita huku jirani zake zikiteleza, na rundo lote hugongana kwa kelele.

Hatua ya 5: Safisha mikono na sarafu

Maji peke yake hayaiyeyushi rosini. Lowesha pamba kwa spiriti, mbali na moto wowote, upanguse alama mbili za kiganjani na ncha za vidole vyote, kisha nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Ikiwa huna spiriti, sugua kwa tone la mafuta ya kupikia mpaka unato uishe, ndipo unawe kwa sabuni. Spiriti hukausha ngozi, kwa hiyo paka losheni usiku, baada ya mazoezi, si kabla yake.

Sarafu huhitaji uangalizi wake. Rosini hujikusanya kati ya meno ya ukingo, hushika vumbi, na baada ya wiki kadhaa utaona mstari mweusi umezunguka ukingo mzima. Mswaki laini uliochovywa kwenye spiriti huutoa. Usiufanyie hivyo mkusanyiko wa sarafu za zamani zenye thamani, kwa sababu kuzisugua huzipunguzia thamani. Tumia sarafu za kawaida kwa mazoezi. Sarafu uliyoazimwa na mtazamaji ifute kwa leso unapoirudisha, kwani mtu akihisi sarafu yake inanata ataanza kutazama mikono yako.

Ikiwa onyesho lako lina karata pia, zitangulize karata na ziache sarafu mwisho. Karata iliyoguswa kwa rosini haitateleza tena juu ya mwenzake, na hakuna njia niliyoijaribu iliyoirudisha katika hali yake.

Kifuko kikae ndani ya kikopo chenye kifuniko, mbali na jua na mbali na sanduku la karata. Unga ukishikamana na kuwa mabonge kwa sababu ya joto, uponde na kuuchekecha upya. Ukigeuka rangi kuwa wa kijivu kwa uchafu wa mikono, utupe na usage mwingine.