Somo: Giaboksi za klachi mbili, ipi inavumilia na ipi ya kuogopa

Wadau, kila wiki kuna mtu ananitumia picha ya gari lililoko Japani au Uingereza na kuniuliza, "Hili la DSG (jina la Volkswagen la giaboksi ya oto ya klachi mbili), nichukue au niache?" Wengine wameshaambiwa na fundi kwamba klachi mbili ni ugonjwa, wakimbie. Wengine wameendesha la rafiki, wakaona linavyobadilisha gia bila mshtuko, wakalipenda papo hapo. Nawaelewa wote, kwa sababu chini ya jina hilohilo kuna giaboksi ambazo hazifanani kabisa. Nimeona watu wakimaliza akiba ya miaka kwa kutoijua tofauti hiyo, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Hatua ya 1: Jua kama klachi ni kavu au ni ya oili

Giaboksi ya aina hii ni kama giaboksi mbili za manyuo ndani ya kasha moja. Klachi moja inashika gia za witiri (1, 3, 5), nyingine inashika gia za shufwa (2, 4, 6). Ukiwa gia ya pili, ya tatu imeshaingizwa inasubiri. Kompyuta inaachia klachi moja na kukaza nyingine kwa wakati mmoja, ndiyo maana gari halipotezi nguvu linapobadilisha.

Sasa, klachi hizo zinapoozwaje? Kwenye aina kavu, sahani ni mbili tu, zinafanana na za gari la manyuo, na kinachozipooza ni hewa iliyomo ndani ya kasha. Kwenye aina ya oili, kuna sahani nyingi nyembamba zinazozunguka ndani ya oili, na oili hiyo inapita kwenye kipoozeo kabla ya kurudi.

Siku moja tulishusha giaboksi ya klachi kavu ya gari lililokuwa likishinda kwenye foleni ya Kimara asubuhi na jioni. Tulipoitenganisha na injini, harufu ya kuungua ilitutangulia. Unga mweusi ulikuwa umejaa kwenye kasha, na chuma kinachokandamiza sahani kilikuwa na madoa ya bluu kama kisu kilichosahauliwa jikoni juu ya moto. Mwenye gari alikuwa mtu mwangalifu, hakuwahi hata kulikimbiza. Kilichoichosha klachi ni kulisogeza gari mita mbili, kusimama, mita mbili tena, saa nzima, kila siku.

Hatua ya 2: Itambue iliyo kwenye gari unalolitaka

Kwa familia ya Volkswagen, Audi, Skoda na Seat, liendeshe kwenye hali ya kubadilisha gia mwenyewe, uhesabu. Ikifika 7 na injini ni ndogo, 1.2 au 1.4, karibu kila mara ni DQ200 (hivi ndivyo kiwanda kinavyozipa majina giaboksi zake), klachi kavu. Ikiishia 6, hiyo ni DQ250, klachi za oili. Lakini usiishie kwenye kuhesabu, maana DQ500 na DQ381 nazo zina gia 7 na ni za oili. Kwenye buti, karibu na tairi la akiba, kuna kikaratasi chenye kodi, yaani herufi za utambulisho, za injini na za giaboksi. Kipige picha, umtumie fundi anayeyajua magari hayo.

Kwa Honda ni rahisi zaidi: Fit, Vezel, Grace na Shuttle za haibridi zilizotoka kuanzia 2013 mpaka toleo jipya lilipokuja zinatumia i-DCD, gia 7, klachi kavu, na mota ya umeme imeunganishwa humohumo ndani ya giaboksi. Fit na Vezel zisizo haibridi huwa ni CVT, oto ya mkanda isiyo na gia za hatua, hilo ni somo lingine.

Hatua ya 3: Zilinganishe

*DQ250.* Ilianza 2003 kwenye Golf R32 na Audi TT. Imeundwa kubeba torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ya Nm 350. Hii naiamini, kwa sharti moja: oili na filta vibadilishwe kila kilometa 60,000. Udhaifu wake ni flaiwili, gurudumu zito lililo kati ya injini na giaboksi, inayoanza kutoa mlio wa kugonga injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, na mekatroniki, yaani ubongo wa umeme na vali, unaochoka oili ikichakaa. Nyingi tunazoziona zikifa zimeuawa na huduma iliyorukwa.

*DQ500 na DQ381.* Za oili pia. DQ500 imejengwa kubeba mpaka Nm 600, ikafungwa hata kwenye basi dogo la Transporter. Ukipata Tiguan yenye hii na kumbukumbu za huduma zipo, usisite.

*DQ200.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye Golf na Polo zinazokuja kwetu. Ilitoka 2008, kikomo chake ni Nm 250. Ndani yake kuna oili ya gia kiasi cha lita 1.7 hivi, na klachi haziigusi. Mnamo Machi 2013 Volkswagen iliyaita magari 384,181 nchini China yarudi kurekebishwa kwa ajili ya matatizo ya giaboksi hizi. Novemba mwaka huohuo ikatangaza kubadilisha oili kwenye magari milioni 1.6 duniani: ile ya sintetiki itolewe, iwekwe ya madini, kwa kuwa kwenye joto na unyevunyevu mkubwa ya kwanza ilileta hitilafu za umeme kwenye mekatroniki. Joto na unyevunyevu, jamani. Hiyo ni Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Kwa hiyo ukikuta DQ200 ya kabla ya 2013, swali la kwanza ni kama kazi hiyo ilifanyika kabla gari halijapanda meli. Ugonjwa wake mwingine ni kitungi cha kuhifadhi presha: chuma kinachokishika hupasuka, presha inapotea, na mashine ya kupimia inatoa kodi ya hitilafu P17BF. Gari linabaki hapo hapo, haliendi mbele wala nyuma.

*Honda i-DCD.* Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Fit ya haibridi ilitoka Septemba 2013, na kufikia Oktoba 2014 ilikuwa imeitwa kiwandani mara 5, mpaka viongozi wa Honda wakakatwa mishahara. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa programu inayoongoza giaboksi. Faida yake ni kwamba mota ya umeme inaweza kulisogeza gari peke yake, klachi ikapumzika. Betri kubwa ikichoka, faida hiyo inapungua na klachi inarudi kubeba mzigo. Mimi ningechukua ya 2016 kuja juu, betri ikiwa imepimwa.

*Powershift ya Ford.* Yenye klachi kavu, ya Fiesta na Focus za 2011 hadi 2016, iache. Sili ya shafti huvujisha oili kwenye klachi kavu, gari linatetemeka, na kompyuta yake nayo hufa. Mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za huko kwa namna ilivyowatendea wateja waliolalamika. Ile ya oili, iliyofungwa kwenye Volvo na Focus za dizeli, ni giaboksi nyingine kabisa, inayoishi vizuri ikibadilishiwa oili na filta.

Hatua ya 4: Lijaribu kabla hujalipa

Nenda asubuhi, gari likiwa la baridi. Muuzaji akikupokea na injini imeshachemka, rudi siku nyingine.

Kwa DQ200, washa swichi bila kuwasha injini, usikilize. Pampu ya umeme inavuma kidogo, inanyamaza. Ikirudia kuvuma kila baada ya muda mfupi, presha inavuja.

Kisha liendeshe nusu saa, na uingie kwenye foleni makusudi. Barabara tupu haikuonyeshi chochote. Sikiliza mtetemo linapoingia gia ya pili, na mshtuko kama wa kugongwa nyuma linaposhuka kutoka ya tatu kwenda ya pili. Mwisho litafutie kimlima, ulipandishe kinyumenyume taratibu. Kwenye DQ200 rivasi iko kwenye klachi moja na gia za 2, 4 na 6, hivyo klachi hiyo ikiwa imechoka itatetemeka hapo.

Baada ya hapo lipimwe kwa mashine inayosoma giaboksi, na lipimwe likiwa la moto. Kuna muuzaji aliwahi kufuta kodi zote usiku, asubuhi mashine ikaonyesha gari safi. Dakika 40 baadaye kodi zilikuwa zimerudi tatu.

Hatua ya 5: Liendeshe kama lilivyoundwa

Kwenye foleni acha nafasi mbele, halafu songa mara moja. Ukisimama, kanyaga breki mpaka mwisho ili klachi iachie, kwani breki ya nusunusu inaiacha ikisuguana. Kwenye mlima usilishikilie gari kwa mafuta. Mlima Kitonga, ukiwa nyuma ya lori lenye mzigo, subiri lori litangulie ndipo upande.

Maswali ya wadau

*Mkuu, nimepata Golf 1.4 ya 2012, bei nzuri. Karatasi ya mnada haisemi kitu kuhusu giaboksi. Nifanyeje?*

Chukua namba ya chasi. Tovuti za watengenezaji nchini Japani zina sehemu ya kuingiza namba hiyo na kuona kama gari liliitwa kurekebishwa na kama kazi ilifanyika. Ikionyesha haijafanyika, hesabu gharama ya oili na mekatroniki ndani ya bei. Isipokaa vizuri, achana nalo.

*Kaka, fundi wangu anasema oili ya giaboksi yoyote ya oto inafaa. Ni kweli?*

Hapana, na tafadhali usimruhusu. DQ250 inataka oili ya namba G 052 182. Kiwango chake pia hakipimwi kwa macho: injini inawaka, oili iwe kati ya nyuzi 35 na 45, ndipo iachwe itiririke kwenye kibomba cha ndani mpaka ibaki matone. Fundi asiye na mashine ya kusoma joto hilo hawezi kuifanya kazi hii.

*Habari fundi. Mimi ni dada ninayeendesha Bunju hadi Posta kila siku, nina Vezel. Kwenye foleni niweke N?*

Hakuna haja, dada yangu. Kanyaga breki mpaka mwisho, inatosha. Gari likiandika kwamba giaboksi ina joto, simama pembeni, weka P, subiri lipoe. Usiendelee kwa sababu umekaribia nyumbani.

*Langu ni la klachi kavu, limepoteza gia za 2, 4, 6 na rivasi, lakini 1, 3, 5 na 7 zipo. Nimeambiwa ninunue giaboksi nzima.*

Pole sana mkuu. Dalili hiyo inaonyesha upande mmoja tu: klachi ya pili au vali zake kwenye mekatroniki. Kabla ya kununua giaboksi nzima ya mtumba usiyojua historia yake, fundi wa pili asome kodi na presha. Mara nyingi gia zenyewe ni nzima kabisa.

*Betri ikifa, linasukumwa likawaka?*

Haliwaki. Injini isipowaka klachi hazishiki, litasukumwa tu bila kitu. Tumia waya za betri. Na likihitaji kuvutwa, kwa DSG isizidi kilometa 50 kwa saa wala umbali wa kilometa 50, gia ikiwa N. Zaidi ya hapo lipandishwe kwenye gari la kubebea.