Kutega nondo wa mpunga kwa taa ya sola

Funza akishaingia ndani ya bua la mpunga, hata dawa humfikia kwa shida. Utaona jani la katikati limekauka, na ukilivuta linachomoka. Au masuke yanatoka meupe, hayana punje. Ndiyo maana mimi namwinda nondo anayemzaa, kabla hajataga. Nondo huruka usiku na kufuata mwanga.

Tafuta paneli ya wati 10, betri ya volti 12 na ampea-saa 7, kidhibiti chaji (kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi), taa ya LED ya wati 5 yenye mwanga wa bluu au zambarau, na beseni pana. Taa hiyo ikiwaka saa 4 inakula wati-saa 20. Betri imebeba 84, ila kama ni ya madini ya risasi, kama zile za gari, usiifyonze kupita nusu, itakufa mapema. Kwa hiyo mawingu yakitanda leo na kesho, mtego bado unafanya kazi.

Simika nguzo kwenye tuta la jaruba, mbali na taa za nyumba. Taa ikae juu kidogo ya ncha za mpunga, na mpunga ukirefuka nawe uipandishe. Chini yake weka beseni la maji yenye sabuni ya unga kidogo. Usiiache sabuni: kwenye maji matupu mdudu huelea, akapata nguvu na kuruka tena.

Nakusihi pia usiiache taa iwake mpaka alfajiri. Iwashe saa 1 jioni, izime saa 5 usiku. Swichi ya muda ni nafuu na inakupunguzia safari za gizani. Taa haichagui. Inavuta pia mbawakawa na nyigu wadogo wanaokula wadudu na mayai yao, na hao ni vibarua wako wasiodai ujira. Kuwaua usiku kucha ni kujikata mkono.

Asubuhi, kabla ya kumwaga maji, hesabu nondo na uandike kwenye daftari. Kwangu daftari hili lina thamani kuliko taa yenyewe. Idadi ikipanda ghafla, mayai huanguliwa baada ya kama wiki moja, basi ingia shambani siku hizo hizo, tafuta vishada vya mayai kwenye majani na uvitoe kwa mkono. Ila usiku wa mbalamwezi beseni huwa karibu tupu, kwa sababu mwanga wa taa unafifia mbele ya mwezi. Nondo bado wapo.

Mtego peke yake hautoshi. Miche ikiwa kitaluni, kata ncha za majani kabla ya kupandikiza, maana mayai mengi hutagwa hapo. Ukishavuna, lima visiki mapema na uvifukie: funza wa msimu ujao wamejificha humo.