Kuonyesha Ateri za Paka kwa Eksirei: Mwongozo kwa Maabara za Dodoma

Mwalimu wa anatomia ya wanyama aliyeko Dodoma au Mpwapwa anaweza kupata picha safi ya ateri za paka, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, akiwa na mashine ya eksirei, kanula (mrija mwembamba wa kuingiza majimaji mshipani), bariamu salfeti (unga unaoonekana mweupe kwenye eksirei) na jelatini. Ugumu uko katika kuisoma picha hiyo, kwa kuwa pengo linaloonekana kwenye mshipa huenda limeletwa na damu iliyoganda, au likawa ndilo umbile lenyewe la paka. Maandalizi yote yanalenga kuiondoa shaka hiyo.

Tumia mzoga uliotolewa kwa ridhaa ya mwenye paka. Hakuna sababu ya kumuua mnyama kwa ajili ya picha. Paka aliyebadilika tabia au kupooza kabla ya kufa asitumike, kwani kichaa cha mbwa humpata paka pia. Mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana mjini Dodoma hupita nyuzi 30 mara nyingi, na mzoga ukicheleweshwa kuta za mishipa hulegea na kuvuja. Usipoweza kuanza mara moja, uhifadhi kwenye friji bila kuugandisha.

Pasua ngozi upande wa ndani wa paja, tenganisha ateri na vena yake (mshipa unaorudisha damu moyoni), kisha ingiza kanula ya geji 20, ile ya rangi ya waridi, ncha ikielekea moyoni, na uikaze kwa uzi. Kata vena ya nje ya shingo ili damu ipate pa kutokea. Sukuma polepole maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yenye joto la nyuzi 37 hivi, hadi yanayotoka shingoni yasiwe na rangi kabisa. Wapo wanaoridhika maji yanapofifia kuwa ya waridi. Mimi sishauri hivyo, kwa sababu damu kidogo iliyobaki ndiyo itakayokuja kuonekana kama mshipa uliokatika. Maji yakigoma kupanda ingawa kanula imekaa sawa, chunguza mwisho wa aota, ateri kuu itokayo moyoni: paka wenye ugonjwa wa misuli ya moyo hupata donge la damu linaloziba pale aota inapogawanyika kwenda miguu ya nyuma. Mzoga huo ni somo zuri la patholojia, lakini haufai kwa kazi hii.

Yeyusha gramu 5 za jelatini katika mililita 100 za maji ya moto, koroga bariamu ndani yake, chuja kwa shashi, na utumie mchanganyiko ukiwa na nyuzi 40 hivi. Sukuma hadi mkono uhisi ukinzani, kisha funga ateri. Jelatini haigandi vizuri katika chumba chenye joto, kwa hiyo laza mzoga usiku kucha kwenye friji.

Piga picha ya ubavu na ya mgongo kwa kilovolti 50 hadi 60. Mashine iwe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na mzoga ushikiliwe kwa mifuko ya mchanga, si kwa mikono.

Aliyezoea picha za binadamu atatafuta matawi matatu kwenye upinde wa aota. Paka ana mawili: shina la brakiosefaliki, ambamo karotidi zote mbili (ateri za shingo zinazopeleka damu kichwani) hutoka, na ateri ya kushoto ya chini ya mtulinga. Kichwani, karotidi ya ndani ya paka mzima haionekani, kwa kuwa sehemu yake ya mwanzo huziba baada ya kuzaliwa. Damu ya ubongo hupitia zaidi wavu wa ateri unaotokana na ateri ya taya la juu, karibu na tundu la jicho. Wavu huo ukijaa vizuri, pengo la karotidi ni la umbile. Usipojaa, fungua shingo uangalie: donge huonekana jeusi ndani ya mshipa uliotanuka, ilhali ateri iliyoziba kwa umbile huwa kamba nyembamba isiyo na uwazi.