Monita ya G-Sync au FreeSync: iwashe sehemu zote, kisha dhibiti fremu

Monita ya kawaida ya 60 Hz (mara 60 kwa sekunde) huchora kioo upya kila baada ya milisekunde 16.7, kadi ya grafiki iwe imemaliza kazi yake au la. Gemu haifuati ratiba hiyo. Fremu moja, yaani picha moja kamili, huchukua milisekunde 14, inayofuata 21. Ukizima V-Sync, mpangilio unaolazimisha fremu kusubiri zamu ya monita, fremu mpya huingia wakati ya zamani bado inachorwa, na unaona picha imepasuka kwa mlalo. Ukiiwasha, fremu iliyochelewa hata kidogo husubiri zamu nyingine, ile ya zamani inakaa kiooni milisekunde 33.3, na mwendo unakwamakwama.

Monita yenye kasi inayobadilika, ndiyo kazi ya G-Sync na FreeSync, hungoja. Fremu ikikamilika, ndipo kioo huchorwa. NVIDIA ilitangaza G-Sync mwaka 2013, na mwaka 2014 VESA, shirika la viwango vya skrini, ikaongeza Adaptive-Sync kwenye DisplayPort 1.2a, msingi ambao FreeSync ya AMD inautumia.

Anza na kebo. Kwenye kompyuta, DisplayPort ndiyo chaguo salama. Kadi za NVIDIA kuanzia mfululizo wa GTX 10 hukubali monita za FreeSync tangu Januari 2019, lakini kupitia DisplayPort. Kwa HDMI, monita lazima iwe na uwezo huu kwa mujibu wa HDMI 2.1. Kadi za AMD zinaweza kutumia FreeSync kwenye HDMI ya zamani pia, mradi monita yenyewe inaruhusu. Kwenye PS5, kasi inayobadilika inahitaji HDMI 2.1, na hufanya kazi kati ya 48 na 120 Hz.

Kisha bonyeza vitufe vya monita yenyewe, ingia kwenye menyu yake, uwashe FreeSync au Adaptive-Sync. Monita nyingi huja kipengele hiki kikiwa kimezimwa. Fungua mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya mipangilio ya kina (Advanced display), uchague kasi ya juu kabisa. Monita ya 144 Hz iliyoachwa kwenye 60 ni hasara tupu. Mwisho, iwashe kwenye programu ya NVIDIA au AMD. Hatua moja ikikosekana, huenda usipate faida yote.

Sasa kikomo cha fremu, jambo ambalo wengi hulipuuza. Gemu ikizidi uwezo wa monita, kioo hakiwezi tena kuifuata: mpasuko unarudi, au V-Sync inaanza kuzuia fremu na kipanya kinakuwa kizito. Weka kikomo fremu tatu au nne chini ya kilele: 140 au 141 kwa monita ya 144 Hz. Kwa NVIDIA, washa V-Sync kwenye programu ya kadi na uizime ndani ya gemu. Kikomo kikiwepo haicheleweshi chochote, bali inafuta mipasuko midogo inayobaki karibu na ukingo wa chini wa kioo.

Upande wa chini nao una mpaka. Monita ya 48–144 Hz ikipewa fremu 40 kwa sekunde, kila fremu huonyeshwa mara mbili na kioo kinakwenda kwa 80 Hz. Hilo linahitaji kilele kiwe angalau mara mbili ya kiwango cha chini. Monita ya 48–75 Hz haiwezi: fremu 45 zikirudiwa zinadai 90 Hz. Hapo punguza vivuli na ubora wa picha hadi fremu zisishuke chini ya 50. Kabla ya kununua, soma mipaka yote miwili, wa chini na wa juu. Namba kubwa ya kwenye boksi haitoshi.

Kioo kikipepesa mwanga kwenye sehemu zenye giza, hasa gemu inapopakia, usikimbilie kubadilisha kebo. Paneli za VA na OLED, aina mbili za vioo vya monita, hubadilika mwangaza kidogo muda kati ya fremu unaporuka ghafla. Shusha kikomo hadi kiwango ambacho kadi inakimudu bila kuyumba, mathalani 90, na kupepesa kutapungua.

Kuhakikisha, washa namba ya Hz kwenye menyu ya monita wakati unacheza: inapaswa kupanda na kushuka pamoja na fremu. Ikiganda kwenye 144 huku gemu ikitoa 85, rudia hatua za mwanzo. Ikicheza sawasawa na bado unaona mshtuko wa hapa na pale, kuna fremu zinazochukua milisekunde 50 au zaidi kwa sababu ya prosesa, diski au gemu yenyewe, na hizo hakuna monita inayoweza kuziharakisha.