Hesabu nyasi kwanza, ng'ombe baadaye: somo kwa tunaoishi Nairobi na kufuga Kajiado

Wengi wetu tunalala Umoja au Kasarani, na shamba liko Isinya. Tunafika huko Jumamosi ya mwezi wa tano, tunakuta nyasi zimegusa magoti, na moyo unasema ongeza ng'ombe. Mimi niliusikiliza moyo huo. Mwaka 2022 nilikuwa na ng'ombe 11 kwenye eka 20. Mwezi wa tisa ulipoisha nilikuwa nimezika 4, na waliobaki niliwauza wakiwa ngozi na mifupa, kwa bei ambayo hata sasa inanikaa rohoni. Tangu hapo sinunui hata ndama kabla ya kupima nyasi.

Swali tunalotaka kujibu ni hili: nyasi zilizosimama shambani leo zitalisha ng'ombe wangapi mpaka nyasi nyingine ziote? Kwa upande wetu wa Kenya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo pima mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Juni na mwanzoni mwa Januari. Kipimo cha Juni ndicho kikubwa, maana kiangazi chake ni kirefu. Nitatumia mfano wa shamba la eka 50 karibu na Isinya.

Hatua ya 1: Ondoa eka zisizolisha. Nyumba, boma, njia ya gari, bwawa, korongo, kichaka cha miiba ambacho ng'ombe hapenyi. Katika mfano wetu ni eka 6. Zimebaki 44.

Hatua ya 2: Tengeneza fremu. Nunua nondo nyembamba ya mita 2, fundi wa jua kali pale Kamukunji aikunje iwe mraba wa sentimita 50 kila upande, aichomelee. Eneo la ndani ni robo ya mita ya mraba.

Hatua ya 3: Kata nyasi ndani ya fremu. Hapa ndipo watu hujidanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tembea shamba zima kwa mshazari, kona hadi kona, na kila baada ya hatua 40 weka fremu pale mguu wako ulipoishia. Usichague. Ikiangukia kwenye udongo mtupu, andika sifuri na uendelee. Niliwahi kumtuma kijana anisaidie, akarudi na mifuko 20 iliyojaa vizuri. Nilipomuuliza kuhusu vipara alivyopita, akaniambia, "Pale hapakuwa na kitu cha kukata, mzee." Hesabu yote ikabidi irudiwe, kwa sababu vile vipara navyo ni sehemu ya shamba, na ng'ombe atavipita akiwa na njaa.

Kata kwa mundu au mkasi, karibu kabisa na ardhi. Chukua kile ng'ombe anachokula tu. Ndulele na magugu mengine yaache. Kila sampuli itie kwenye mfuko wake wa karatasi, uandike namba. Eka 44 zinahitaji sampuli zisizopungua 20, na kama sehemu moja ina udongo mweusi na nyingine mwekundu, ongeza.

Hatua ya 4: Kausha, ndipo upime. Nyasi mbichi ni maji mengi, na maji hayashibishi. Mimi huanika mifuko ikiwa wazi kwenye roshani siku 4 au 5 za jua, na usiku naiingiza ndani kwa sababu ya umande. Ukiwa na haraka, tumia maikrowevu: weka sampuli pamoja na glasi ya maji ili nyasi zisishike moto, washa dakika 2, pima, kisha rudia sekunde 30 mpaka uzito ukome kushuka. Sampuli yangu namba 7 iliingia na gramu 128. Baada ya dakika 2 ikawa 81, halafu 60, 51, 47, 46, na 46 tena. Hapo nikazima. Jikoni kulinukia nyasi kama zizi la asubuhi. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inatosha kabisa.

Hatua ya 5: Zidisha. Tuseme wastani wa sampuli zote 20, sifuri zikiwemo, ni gramu 45. Mara 4 ni gramu 180 kwa mita ya mraba. Eka moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo eka ina kilo 728 za nyasi kavu. Mara eka 44 ni kilo 32,032.

Usizigawe zote kwa ng'ombe. Nyingine zitakanyagwa, nyingine zitalaliwa na kuchafuliwa kwa mavi, nyingine ni za mchwa, na nyingine lazima zibaki zikifunika udongo. Kwa nyanda kavu kama zetu mimi huchukua asilimia 35, na mwaka wenye wasiwasi huchukua 25. Asilimia 35 ya kilo 32,032 ni kilo 11,211. Hicho ndicho chakula ulicho nacho.

Hatua ya 6: Gawa kwa ng'ombe na siku. Ng'ombe hula nyasi kavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Anayenyonyesha mpe asilimia 3. Ng'ombe wa kilo 350 anakula kilo 8.75. Kuanzia Juni mpaka nyasi za vuli zifae kulishwa ni kama siku 180, yaani kilo 1,575 kwa ng'ombe mmoja. Kilo 11,211 ukigawa kwa 1,575 unapata 7.

Ng'ombe 7 kwenye eka 50! Najua inavyouma. Lakini weka 30, kama wengi wanavyopanga, ujionee: watakula kilo 262.5 kwa siku, na zile kilo 11,211 zitakwisha siku ya 43. Hiyo ni katikati ya Julai, na vuli iko mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, niko Ruai na robo eka. Ninaweza kuachilia ng'ombe mmoja?
Dada, kwa nyasi za mfano huu robo eka ina kilo 182, na za kulishwa ni kama kilo 64. Ng'ombe mmoja atazimaliza kwa wiki moja. Mfungie ndani, panda napia, umkatie na umletee. Hesabu ya malisho ya wazi haikufai hapo.

Nina mchanganyiko wa mitamba, ndama na mbuzi. Nihesabuje?
Acha vichwa, jumlisha kilo. Utepe wa kupimia kifua utakupa uzito wa ng'ombe wa karibu. Mbuzi 10 wa kilo 25 ni sawa na ng'ombe mmoja mdogo wa kilo 250, ingawa mbuzi atakula pia majani ya vichaka, kwa hiyo hakubani sana kwenye nyasi. Kondoo anabana.

Mzee jirani yangu, Mmaasai, ameniambia ng'ombe mmoja eka 10. Kwa nini nisumbuke na mizani?
Mheshimu sana huyo mzee, maana sisi tumepata eka 6 na kidogo za malisho kwa ng'ombe katika msimu mzuri, naye anakumbuka mibaya. Muulize pia kuhusu olopololi, sehemu inayofungwa ili ndama na wagonjwa wapate cha kula kiangazi. Mizani inakwambia mwaka huu shamba lako liko upande gani wa ile namba yake.

Pundamilia wanaingia kila usiku. Je, wanahesabiwa?
Wanahesabiwa. Kila mmoja muweke kama ng'ombe wa kilo 250. Wakiingia 6 kila usiku, umeshapoteza nafasi ya ng'ombe 4 wa kilo 350.

Na vuli ikikataa?
Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu 5 ilikataa kwa mfululizo, kwa hiyo hili si swali la kubahatisha. Mimi hupima tena tarehe 1 Septemba, sampuli 10 tu. Nikikuta nyasi hazifiki mwisho wa Novemba, nauza waliozidi wiki hiyo hiyo, wakiwa bado na nyama mgongoni, kabla kila mtu hajaleta wake sokoni. Huanza na maksai na ng'ombe wazee. Mitamba huwa wa mwisho kuondoka.