SOMO: Kutambua duka la mtandaoni linalouza mikro (maikrofoni), mikseri (za kuchanganya sauti) na bafle (spika) za bandia (someni kabla ya kuniletea skrinshoti)

Jambo wote. Naandika mara moja ili anayenitumia picha saa sita za usiku na swali "Yaya, hii duka ni ya kweli?" nimpe kiungo hiki nilale zangu.

Somo ni la wanaoagiza wakiwa hapa Lubumbashi: kwenye tovuti, kurasa za Facebook na namba za WhatsApp. Mifano nitatoa kwa vitu vitatu vinavyoigwa sana: mikro ya Shure SM58, mikseri ya Yamaha MG10XU, na bafle ndogo ya JBL Charge 5.

Hatua ya 1. Bei. SM58 mpya huuzwa karibu dola 100 Marekani. Ukiikuta kwa dola 25, "mpya, kwenye boksi lake", funga ukurasa. Lakini wauzaji wa bandia nao wamejifunza, wanaweka 80. Bei ya chini sana inamhukumu muuzaji. Bei ya kawaida haimtakasi.

Hatua ya 2. Anwani ya tovuti isomwe kutoka kulia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi kushoto. Kwenye yamaha.com.dukafulani.shop/mikseri, mwenye tovuti ni dukafulani.shop, "yamaha.com" ya mbele ni pambo tu. Ile kufuli ndogo ambayo baadhi ya vivinjari huiweka kando ya anwani inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, basi. Mwizi naye anaipata bure.

Hatua ya 3. Umri. Andika jina la tovuti kwenye lookup.icann.org, utaona tarehe liliposajiliwa. Duka linalojisifu kuuza tangu 2009 na jina lake lina miezi miwili, limejieleza. Kwa Facebook, fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa: utaona ulianzishwa lini, majina uliyowahi kuwa nayo, na mara nyingi nchi wanakokaa wanaouendesha. Ukurasa uliokuwa wa nywele za kusuka mwaka jana na leo ni "Pro Audio" hauhitaji uchunguzi zaidi.

Hatua ya 4. Picha. Ipitishe kwa Google Lens. Muuzaji wa WhatsApp mwombe picha mpya ya kitu chenyewe, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Akileta hasira badala ya picha, umejibiwa.

Hatua ya 5. Linganisha maelezo ya duka na karatasi ya mtengenezaji. Hapa ndipo bandia nyingi zinakamatwa kabla hujatoa hata franka moja, na watu wanaruka hatua hii kwa sababu ni kusoma. Anayeiga anataka kukufurahisha, kwa hiyo anaongeza vitu ambavyo kampuni haikuviweka.

MG10XU haina Bluetooth. Haina kioo cha MP3. Tundu lake la USB ni lile la mraba, la kuunganisha kompyuta kwa kurekodi. Halichezi nyimbo za flash. Ina kilo 2.1 na inatumia adapta ya nje iitwayo PA-10. Tangazo likionyesha "Yamaha" yenye tundu bapa la flash, Bluetooth na waya wa umeme unaoingia moja kwa moja kwenye mwili wa mashine, hiyo si MG10XU hata ikiwa imeandikwa hivyo kwa dhahabu. Majina pia yana kanuni: kwenye safu hiyo ya MG, X ni efekti (za kupamba sauti, kama mwangwi) na U ni USB. "MG10-BT Pro" ni jina la mtu aliyeketi na printa.

Charge 5 hali kadhalika: haina redio, haina nafasi ya kadi, haina tundu la waya wa aux. Tundu lake la USB la mviringo bapa ni la kulichaji, lile pana ni la kuchajia simu. Betri yake ni 7500 mAh, uzito karibu kilo moja. "Charge 5 yenye FM na kadi, 20000 mAh" ni bafle nyingine iliyovalishwa nembo.

Maneno ya siri ya wauza bandia: "AAA", "1:1", "kopi orijino", "orijino ya Dubai". Dubai haina kiwanda cha Shure.

Hatua ya 6. Piga hesabu ya wati. Kitu hakiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kisiyoipokea. Bafle isiyo na betri, inayokula umeme wa USB wa volti 5 kwa ampea 2, inapokea wati 10. Tangazo la "1000W" hapo ni hadithi. Ampli ya kuchomeka ukutani, angalia fyuzi yake nyuma kwenye picha: volti 220 mara fyuzi ya ampea 5 ni wati 1100. Imeandikwa 5000W? Ngoma ya ghafla inaweza kuruka juu ya hesabu hiyo kwa muda mfupi sana, lakini si wimbo mzima. Na ukiona "PMPO" (wati za kupamba tangazo, zisizo na kipimo cha kueleweka), namba hiyo isome kama rangi ya boksi.

Hatua ya 7. Orodha ya wauzaji walioidhinishwa. Iko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Anzia huko uende dukani, usifuate kiungo ambacho duka lenyewe linakupa.

Hatua ya 8. Njia ya mzigo na siku za kulalamika. Hapa polepole, maana ndipo pesa inapotea hata kwa mtu aliyefanya hatua zote za juu. Wengi wetu tunaagiza kwa anwani ya ajansi ya mizigo, Guangzhou au Dubai, halafu mzigo unapanda meli mpaka Dar es Salaam na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Masoko makubwa ya mtandaoni yanahesabu siku za kurudisha tangu kifurushi kilipopokelewa kwenye anwani uliyoandika, yaani kwenye depo ya ajansi. Wewe unafungua kartoni Lubumbashi wiki nyingi baadaye, unakuta bandia, unabonyeza "lalamika", na kitufe kimekwisha kufa. Muuzaji wa bandia anaijua hesabu hiyo vizuri. Akiona anwani ni ya depo, anajua ana nafasi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:
– Uliza dirisha la malalamiko ni siku ngapi na linaanza lini. Liandike.
– Patana na ajansi wafungue kifurushi deponi, wapige picha ya chini ya mikro, namba ya mashine na vilivyomo kwenye boksi, na wapime uzito wa kitu chenyewe bila kartoni. Wengine wanatoza dola chache. Lipa.
– Usibonyeze "nimepokea" kwa sababu muuzaji anakubembeleza. Ukibonyeza, pesa imetoka.
– Muuzaji akisema mhamie WhatsApp mlipane nje ya soko ili upate punguzo, ulinzi wote umebaki nyuma.

Kwa muuzaji wa hapa mjini: hakuna avansi (malipo ya kutanguliza) kwa mobile money. Unafika, unajaribu, unalipa.

Hatua ya 9. Kitu kikifika. Kwa SM58 anza na nje. Gramu 298 kwa mizani ya jikoni. Ikipungua sana ni bandia, ikilingana bado hujamaliza. Angalia pini tatu za chini: kwenye halisi kuna namba 1, 2, 3 kando yake, bandia nyingi hazina. Ndani ya boksi: kishikio, adapta ya kukazia kwenye skrubu ya stendi, mfuko wa zipu. Halafu ichomeke, fungua sauti, ihamishe mkono hadi mkono. Halisi ina mto wa hewa unaobeba kapsuli (kile kipande cha ndani kinachopokea sauti), kelele ya mkono ni ndogo, bandia inanguruma.

Kufungua ni kwa mwisho kabisa, na si kwa kila mtu. Wavu wa kichwa unazungushwa, unatoka. Kapsuli nayo imekazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, na chini yake kuna nyaya mbili nyembamba kama nywele: ukiizungusha kwa haraka zinajisokota na kukatika, na hapo umeharibu mikro ambayo pengine ilikuwa nzuri. Zungusha nusu, angalia, zungusha tena, kamwe usivute. Kwenye SM58 halisi nyaya hizo ni njano na kijani. Na kama bado una haki ya kurudisha, usifungue. Muuzaji atasema ni wewe uliyebadilisha.

MASWALI

dj_kampemba: SM58 ni bei gani pale Kamalondo?

Mwandishi: Hili ni somo, si soko. Hatua ya 1.

basi_nzito: Mukubwa, namba ya mashine nimeiweka kwenye tovuti ya kampuni ikakubali. Si basi ni orijino?

Mwandishi: Hapana. Anayeiga ananunua kitu kimoja halisi, ananakili namba yake, anaichapa kwenye elfu. Kwa AirPods ni mchezo wa kila siku: tovuti ya Apple inakubali namba, lakini iPhone yenye iOS 16 au mpya zaidi inaweza kukuonya kwamba haikuweza kuthibitisha. Namba ikikataliwa ni habari mbaya. Ikikubaliwa, endelea na hatua nyingine.

kijana_wa_ruashi: Mimi nilinunua ya dola 30 na inaimba vizuri. Munatisha watu bure.

Mwandishi: Iimbe. Ungeambiwa ni mikro ya dola 30 isiyo na jina, nisingeandika neno. Kosa ni kuandikwa Shure.

mama_korali: Papa, aksanti kwa somo. Korali yetu ya Katuba ilishanunua mikseri "Yamaha" ya Bluetooth, sawa na ile uliyoeleza. Tuitupe?

Mwandishi: Hapana mama, msitupe. Kwanza usalama, kwa sababu mwimbaji anagusa wavu wa mikro kwa midomo. Ikiwa imechomolewa ukutani, fundi aweke multimeta kwenye ohm: ncha moja kwenye mguso wa ardhi wa plagi, nyingine kwenye skrubu tupu ya mwili wa chuma. Isome chini ya ohm 1. Isiposoma kitu, au plagi ina pini mbili tu na mwili ni chuma, isitumike mpaka arekebishe. Pili, msivute geini (kitufe cha kukuza sauti ya mikro) mpaka mwisho. Mikseri hizo zinaanza kuvuma mapema. Sogezeni mikro karibu na mdomo badala ya kupandisha kitufe. Tatu, siku mkiiuza, isemeni ilivyo.

mama_korali: Tumesikia. Fundi atakuja Jumamosi.

fundi_mdogo: Yaya, kwa nini mikro za bandia zinaleta larseni (ule mluzi wa bafle) haraka hivyo? Ni sauti kubwa tu ama kuna kitu ndani?

Mwandishi: Swali zuri, mdogo wangu. SM58 ni kardioidi: inasikia mbele, na nyuma yake inakuwa karibu kiziwi. Uziwi huo hautoki kwenye wavu, unatoka kwenye matundu ya kando ya kapsuli. Sauti ya nyuma inaingia kwa njia mbili, mbele na kwenye matundu, na njia ya matundu imecheleweshwa kwa kipimo ili zikutane zifutane. Anayeiga anaiga umbo la nje. Matundu anayatoboa kwa kukisia, au yanazibwa na gundi. Basi mikro inasikia pande zote, na bafle ya retua (ya kumsikilizisha mwimbaji sauti yake) uliyoiweka mbele ya mwimbaji, yaani nyuma ya mikro, inarudi ndani. Larseni.

Kipimo chake hakidai chombo: sema kwa sauti ile ile ukiwa sentimita 20 mbele ya mikro, kisha sentimita 20 upande wa mkia, tazama taa za mikseri. Halisi inashuka sana. Ikibaki karibu sawa, hata kama si bandia, usiiweke karibu na retua.

fundi_mdogo: Na mtu akifunika wavu kwa kiganja kama wale wa rap?

Mwandishi: Unaziba njia hiyo ya nyuma kwa mkono wako. Halisi inageuka bandia papo hapo.

basi_nzito: Hahaha. Hiyo nitaiandika ukutani kwa wana-korali wangu.

dj_kampemba: Sawa nimesoma. Duka moja lina nembo ya "muuzaji aliyeidhinishwa" chini ya ukurasa. Inatosha?

Mwandishi: Ni picha. Mtu yeyote anaibandika. Hatua ya 7, tena neno "anzia".

toka_kolwezi: Shemeji yangu yuko Marekani, atanitumia MG10XU halisi kutoka duka kubwa. Hapo sina wasiwasi tena?

Mwandishi: Wa bandia, hapana. Wa adapta, ndiyo. PA-10 inayouzwa kule ni ya volti 120, na ndani ni transfoma, haijirekebishi kama chaja ya simu. Ukiichomeka kwenye 220 yetu inaungua, na watu wanasema "kumbe ilikuwa bandia". Soma kibandiko chake mahali palipoandikwa INPUT. Ikisema 120V peke yake, tafuta PA-10 ya volti 220-240, au transfoma ya kushusha ya wati 100.

toka_kolwezi: Na ile ya kushusha ya dola 5 sokoni?

Mwandishi: Ipime uzito mkononi. Transfoma ya kweli ya wati 100 ni nzito, ina chuma na shaba. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu, iache pale pale mezani.